Msiseme Ni Mtoto Wenu: Dada wa Kazi Ni Mfanyakazi

Muulize mwenye nyumba wa Tabata, Nyegezi au Sakina anamlipa dada wa kazi kiasi gani. Mara nyingi jibu halitaanza na shilingi. Litaanza na maneno haya: "Huyu tunaishi naye kama mtoto wetu." Kisha itafuata orodha. Anakula tunachokula. Ana kitanda na chandarua. Sikukuu tulimshonea kitenge. Mama yake alipolazwa tulituma hela ya dawa. Mshahara utatajwa mwishoni, harakaharaka, na saa za kazi hazitatajwa kabisa, maana nani anampangia mtoto wake saa?

Wengi wanaosema hivyo ni watu wema, na wema huo ndio unaoipa kauli yao nguvu. Utaisikia kwa mwalimu, kwa nesi, kwa karani wa benki, kwa mzee wa kanisa na kwa ustadhi. Hata zinapotokea habari za msichana aliyeunguzwa kwa pasi au kufungiwa ndani, ushauri unaotolewa redioni na kwenye mimbari ni uleule: wachukulieni mabinti hawa kama watoto wenu wa kuwazaa. Ni kana kwamba jamii nzima imekubaliana kuwa dawa ya mateso ya dada wa kazi ni kumwingiza zaidi katika familia.

Ninapinga, na ninapinga kwa moyo wangu wote. Undugu huu wa kutamkwa ndio unaomnyima dada wa kazi haki ambazo mlinzi wa getini, dereva na mhudumu wa hoteli wanazidai bila aibu. Unaitwa pale unapompunguzia mwajiri gharama. Ukifika wakati wa kumgharimu, hauonekani. Ninachodai ni kitu cha wazi: tumhesabu kwanza kuwa mfanyakazi, tumlipe na tumpumzishe kama mfanyakazi, halafu mapenzi, kama yapo, yaje juu ya haki hizo.

Niitendee haki hoja ninayoipinga, kwa sababu ina mizizi. Karibu kila kabila la Tanzania lina desturi ya mtoto kulelewa nje ya nyumba ya wazazi wake. Mtoto hupelekwa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa bibi, kwa kaka mkubwa aliyepata kazi mjini. Maelfu ya wasomi na viongozi wetu walisoma kwa namna hiyo: alfajiri wanachota maji, jioni wanasonga ugali, usiku wanasoma kwa kibatari. Hakuna aliyeandikiana mkataba na mjomba wake. Kwa hiyo watetezi wa mtazamo huu wanasema: mkileta saa za kazi, likizo na karatasi za kusaini, mnaleta kiwanda sebuleni, na mtaua utu uliotulea.

Basi tuuangalie utu huo kwa makini. Aliyelelewa kwa mjomba alipelekwa shule na mjomba huyo. Alipotaka kuoa, mjomba alikuwa mezani siku ya mahari. Alipotaka kuolewa, posa ilipita kwa mjomba. Alipofiwa, ukoo ulikaa matanga pamoja naye. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: watoto wa mjomba nao walichota maji. Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya ujamaa, Julius Nyerere aliutumia mfano wa methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kueleza kwamba katika jamii ile kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mgeni alipewa jembe kwa sababu mwenyeji naye alikuwa nalo mkononi. Hapakuwa na mtu aliyekaa kivulini akihesabu matuta ya mwenzake.

Sasa ingia kwenye nyumba ya leo. Ni saa 11 alfajiri. Dada ameamka kabla ya wote, amewasha jiko, anachemsha maji ya kuoga na uji wa mtoto mdogo. Kabla ya saa 12 na nusu amewavalisha watoto wawili sare, amewafungia chakula, amewasindikiza hadi kwenye basi la shule. Anarudi kupiga deki, kuosha vyombo vya jana, kufua kwa mikono mashuka ya mtoto aliyekojoa. Maji yakikatika, anabeba ndoo. Mchana anapika, anamlisha bibi aliyepooza, anambeba mgongoni yule mdogo huku akichambua mchele. Jioni watoto wa nyumba, mmoja wao wa umri wake kabisa, wamelala kwenye makochi na simu. Mmoja anaita kutoka sebuleni aletewe maji ya kunywa, na friji iko hatua tano kutoka alipolala. Saa 4 usiku ndipo anapofunga mlango wa jikoni. Mtoto akilia saa 8, anayeamshwa ni yeye.

Kati ya huyo anayeita na dada anayeitwa, mmoja ni mtoto wa nyumba na mwingine ni mfanyakazi wa nyumba, na hakuna mtu katika familia ile anayewachanganya. Watoto wanajua. Wageni wanajua. Yeye mwenyewe anajua kuliko wote. Ila siku ya malipo ndipo tunapotaka tusahau.

Undugu ni kufaana, wanasema wahenga, basi tuupime kwa kufaana. Mtoto wa nyumba akifeli kidato cha pili, anatafutiwa mwalimu wa ziada. Dada wa kazi aliyeacha shule darasa la saba, ni wangapi wamempeleka hata kwa fundi cherehani? Mtoto wa nyumba akipata mimba, kutakuwa na kilio, kikao na hasira, na mwishowe mjukuu atalelewa. Dada akipata mimba, na wakati mwingine ameipata humohumo ndani kwa mtu ambaye hatatajwa, mfuko wake utafungwa usiku na alfajiri atakuwa stendi ya Magufuli akisubiri basi la kwao. Mtoto akivunja sahani anagombezwa. Dada akivunja sahani inakatwa kwenye mshahara. Mtoto akiugua malaria anapelekwa hospitali na kulazwa kitandani. Dada hupewa panadol na kuambiwa ajikaze, afue kidogokidogo. Huyo ni mtoto wa nani?

Wataalamu wa sosholojia waliochunguza kazi za ndani wamelikuta jambo hili katika nchi zenye mila tofauti sana na zetu, na hilo linatosha kutuonyesha kwamba haliletwi na desturi za Kiafrika. Judith Rollins, Mmarekani mweusi, aliajiriwa yeye mwenyewe kama mtumishi katika nyumba za Boston ili aione kazi hiyo kwa ndani, na mwaka 1985 akachapisha kitabu juu ya uhusiano wa wanawake waajiri na watumishi wao. Alieleza umama wa mwajiri: zawadi za nguo kuukuu, ushauri usioombwa, kumwita mtu mzima binti. Alionyesha kwamba ukarimu wa aina hiyo humweka mpokeaji chini, kwa sababu zawadi haidaiwi na huwezi kuilalamikia. Mshahara unadaiwa. Ndiyo maana mwajiri hujisikia vizuri zaidi akitoa kitenge cha elfu ishirini kuliko akiongeza elfu ishirini kwenye mshahara wa kila mwezi, ingawa mpokeaji angechagua la pili bila kusita.

Erving Goffman naye, katika kazi yake ya mwaka 1956 juu ya namna watu wanavyojionyesha mbele ya wenzao, alimtaja mtumishi kuwa mfano mkuu wa mtu aliyepo lakini asiyehesabiwa kuwa yupo. Nani kati yetu hajaliona hilo? Mume na mke wanagombana juu ya mkopo, juu ya nyumba ndogo, juu ya mama mkwe, kwa maneno ambayo wangeyakatiza mara tu jirani akibisha hodi. Dada amesimama palepale na sinia la chai, na maneno yanaendelea. Mwenye nyumba atasema hiyo ni dalili kwamba dada ni mtu wa ndani. Lakini mbele ya mtoto wao wa kumzaa wazazi hao hunyamaza, kwa sababu wanajua mtoto anasikia, anaumia na atakumbuka. Kwa dada hawanyamazi kwa kuwa hawamwazii kuwa na masikio.

Wala haikuwa hivi tangu enzi. Mwanasosholojia Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watumishi wa nyumbani Tanzania, amefuatilia jinsi kazi hii ilivyogeuka. Wakati wa ukoloni ilikuwa kazi ya wanaume: wapishi, madobi na maboi, wengi wao wakijihesabu kuwa watu wenye ujuzi na wakilipwa kama wafanyakazi, ingawa kwa dharau ya kikoloni. Kadiri familia za Kiafrika za mjini zilivyoanza kuajiri, kazi ilihamia kwa wasichana wadogo, na ilipohamia kwao ilianza kuonekana kama malezi. Binti alichukuliwa kuwa tayari anajua kupika na kulea kwa kuzaliwa kwake mwanamke, hivyo ujuzi wake hauna bei. Kazi ni ileile iliyokuwa ya boi na mpishi. Kilichobadilika ni aliyeishika, na malipo yakabadilika naye.

Tuje kwenye sheria, maana wengi wanaamini kwamba ndani ya nyumba sheria haiingii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu waajiriwa wote Tanzania Bara, isipokuwa wa majeshi na vyombo vilivyotajwa. Jikoni hakukutajwa. Inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, na hata pale inaporuhusu yapunguzwe kwa anayeishi kazini, yasishuke chini ya saa 8 na yawe yamekubaliwa kwa maandishi. Inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba. Inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 inamruhusu kazi nyepesi tu isiyoingilia masomo. Hayo yote yamekuwa sheria kwa miaka ishirini na zaidi, na tumeyavuka kila siku kwa sentensi moja: ni mtoto wetu.

Tazama fedha. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyeishi kwa mwajiri shilingi 120,000. Hapo ndipo linapoanguka lile jibu la "lakini anakula na kulala bure". Katika amri hiyo, tofauti ya shilingi 60,000 kila mwezi ndiyo iliyokuwa bei ya chakula na kitanda, na ilikwishakatwa kabla dada hajashika noti moja. Anayemlipa 40,000 au 50,000 kwa sababu anamlisha, anamtoza chakula kilekile mara mbili.

Hesabu haiishii hapo. Kwa saa 45 za wiki, mwezi una saa 195 hivi, kwa hiyo shilingi 60,000 za amri hiyo ni kama shilingi 308 kwa saa. Dada anayeamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku, hata tukimtolea saa tatu za kula na kukaa, anafanya kazi saa 14. Tukimpa na Jumapili yake yote, ambayo wengi hawapewi, amefanya saa 364 kwa mwezi. Saa 169 ni za ziada, na sheria inataka ziada ilipwe mara moja na nusu. Hiyo ni kama shilingi 78,000. Anachodai ni kikubwa kuliko anacholipwa. Isitoshe, saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, hata mtu akikubali mwenyewe. Ukigawa 60,000 kwa saa alizofanya kweli, unapata shilingi 165 kwa saa. Mtu anayemlipa binti shilingi 165 kwa saa ya kumlea mwanawe hana budi kuutafutia mpango huo jina lingine, na jina lililo karibu ni undugu.

Kisha kuna wale ambao hata hizo hawazitoi mkononi. "Mshahara wako nakutunzia, utachukua ukirudi nyumbani." Miezi inapita, mwaka unapita. Siku dada anapotaka kuondoka, hesabu imejaa makato: nauli ya kumleta, ada ya dalali, glasi, simu, dawa za hospitali. Hakuna alichosaini, hakuna alichoandika. Wengine hutuma fedha moja kwa moja kwa baba yake Singida au Iringa, na binti aliyechuma hajui hata kiasi. Hivyo ndivyo mtoto anavyofanyiwa, wanasema. Mzazi ndiye anayejua matumizi. Lakini huyu ana jasho lake, na mwenye jasho ana haki ya kuiona shilingi yake ikiingia kwenye simu yake mwenyewe.

Sasa nijibu kilio cha waajiri, maana si kilio cha uongo. Mwalimu wa shule ya msingi, nesi, mwanamke mwenye genge sokoni, wote watauliza watatoa wapi fedha za kulipa mshahara, ziada na michango ya NSSF, wakati wao wenyewe wanaishi kwa kukopa hadi tarehe 25. Nawaelewa. Bila dada wa kazi hawatoki mlangoni, na wasipotoka hawali. Lakini ufukara wa mwajiri haujawahi kuwa sababu ya kumfanyisha kazi mtu aliye fukara zaidi yake. Fundi haji kupaua nyumba bure kwa kuwa mwenye nyumba ana mshahara mdogo. Mwenye nyumba hupunguza ukubwa wa nyumba. Asiyeweza kulipa saa 14 anunue saa 6. Amchukue dada wa kutwa, agawane na jirani, watoto wa nyumba waoshe vyombo vyao na kufua soksi zao, na baba ashike fagio.

Naam, baba. Katika mjadala wote huu huyu hatajwi. Lawama zinamwendea mama mwenye nyumba, eti ndiye mkatili, ndiye mvivu, ndiye aliyekimbilia ofisi akaacha watoto. Mwaka 1989 Arlie Hochschild aliandika juu ya wanawake wa Marekani wanaotoka kazini na kuingia zamu ya pili nyumbani, huku waume zao wakipumzika. Kwetu zamu hiyo ya pili haikugawanywa kati ya mke na mume. Ilishushwa kwa msichana wa kijijini, na mume akabaki kwenye kochi lake bila kuguswa. Kwa hiyo wanawake wawili wanagombana jikoni, mmoja amechoka na mwingine amechoka zaidi, na mwanaume ambaye shati lake linapigwa pasi na wote wawili anasema hayo ni mambo ya wanawake. Undugu wa kubuni unamfaa yeye kuliko mtu yeyote. Na serikali nayo inafaidika, kwa sababu kila dada anayelala jikoni ni kituo kimoja cha kulelea watoto ambacho haikulazimika kukijenga.

Wapo wanaosema mabinti hawaaminiki: wanaiba, wanatoroka, wanawapiga watoto. Mengine ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba wahasibu huiba na madereva hutoroka na magari. Mhasibu akiiba, hatusemi wahasibu wasilipwe. Na kuhusu kutoroka, anayetoroka ni mtu ambaye hakuona mlango wa kuagia. Mwenye mkataba hutoa notisi. Mwenye Jumapili yake huwa na wa kumweleza shida zake kabla hazijageuka kuwa hasira juu ya mtoto asiye na hatia.

Tunazijua haki hizi vizuri sana dada zetu wanapokuwa mbali. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiwa, siku zisizo na mapumziko. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kitambulisho kilichofungiwa kabatini Kimara ni pasipoti ileile. Simu aliyonyang'anywa binti Morogoro ni ileile anayonyang'anywa mwenzake Muscat. Mwajiri wa huko naye humwambia mwenye nyumba mwenzake kwamba wanaishi naye kama mmoja wao. Hatuwezi kuwaombea wasichana wetu sheria ugenini huku tukiwanyima sheria hiyohiyo kwa sababu wako kwetu.

Na tazama undugu usio na sheria unavyoishia. Mwaka 2012, Pretoria, mwanamke aliyefanya kazi katika nyumba moja kwa miaka 22 alitumbukia kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri wake akiwa kazini, akafa. Sheria ya fidia ya Afrika Kusini ilikuwa imewatenga wafanyakazi wa majumbani, kwa hiyo binti yake aliyemtegemea hakuwa na pa kudai. Ilichukua hadi Novemba 2020 kwa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo kutamka kwamba kuwatenga huko ni kinyume cha katiba. Miaka 22 ndani ya nyumba moja haikumpa yatima wake kitu. Kilichompa mlango wa kudai ni kutambuliwa kwamba mama yake alikuwa mfanyakazi.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 mjini Geneva mwezi Juni 2011, ukisema kwa ufupi kwamba mfanyakazi wa nyumbani anastahili ulinzi usiopungua ule wa wafanyakazi wengine. Miaka kumi baadaye shirika hilo lilikadiria kwamba watu milioni 75.6 duniani wanaishi kwa kazi hii, na wanane kati ya kila kumi wako nje ya mfumo rasmi. Hapa kwetu, chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinawaandikisha, na Mwanza kuna WoteSawa, shirika lililoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe alifanya kazi za ndani utotoni. Wasikilize wanachoomba. Wanaomba mkataba, malipo kwa wakati, siku ya kupumzika, shule kwa walio watoto. Aliyepita kwenye kazi hiyo hajitokezi kuomba aitwe mtoto.

Sisemi mapenzi hayapo. Yapo. Kuna dada waliolea watoto wa watu kwa moyo kuliko walivyolipwa, na kuna waajiri waliowaozesha dada zao kwa heshima na kuwajengea wazazi wao nyumba. Ninasema mapenzi yasiwe ndiyo malipo. Mwalimu anaweza kumpenda mwanafunzi, na bado tarehe 25 anangoja mshahara, na hakuna anayeona kwamba mshahara umechafua upendo. Kwa nini iwe tofauti kwa anayemwogesha mtoto huyohuyo?

Basi mwisho wa mwezi huu mkae na dada mezani, baba na mama wote wawili. Andikeni nakala mbili: jina lake kamili, kazi zake, saa ya kuanza na ya kumaliza, mshahara, siku ya mapumziko, likizo. Aondoke na nakala yake. Fedha ziingie kwenye simu yake, na simu hiyo ikae mfukoni mwake. Mlango wa chumba anacholala uwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani. Kama ana miaka 13, arudi shule, na nauli utoe wewe. Viongozi wa mtaa wanaojua kila nyumba ina kuku wangapi wajue pia kila nyumba imeajiri nani, na maofisa wa kazi wabishe hodi Masaki kama wanavyobisha hodi viwandani Chang'ombe.

Baada ya hapo, akipenda kukuita mama, atakuita kwa hiari yake. Na siku ukimaliza naye, ataondoka kama sheria inavyotaka kila mfanyakazi aondoke: kwa notisi ya siku 28, kwa kiinua mgongo cha miaka aliyokutumikia, kwa nauli ya kumrudisha ulikomtoa, na kwa cheti cha utumishi chenye jina lake. Ukiwa umemtimizia hayo, sema kwamba mliishi vizuri. Kabla ya hayo, usiseme ni mtoto wako.